Kuhusu hizo tairi 12 za mtumba za tela

Mkuu hongera kwa tela. Umesema ni semi ya ekseli tatu, unataka kupiga Dar–Tunduma, kuna jamaa anakuuzia tairi 12 za mtumba saizi 315/80R22.5 zina kashata (ule mpira wa juu wenye mifereji unaokanyaga lami) nene bado, na unauliza kama kampuni iliyozitengeneza ni nzuri. Mi nimeendesha njia hiyo miaka 11, sasa nasimamia magari ya bosi, nakujibu kwa niliyoyaona. Jina la kampuni liache kwanza.

Chukua tochi uchuchumae usome ubavuni. Tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, ukikuta 3517 ujue ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, na hiyo hata kashata ikiwa nene vipi mpira wake umeshazeeka. Usipoziona geuza upande wa pili, mara nyingi zinaandikwa upande mmoja tu na wauzaji wengine wanaulaza chini makusudi. Pitisha vidole kwenye mifereji na pale tairi inapokaa kwenye rimu, ukigusa nyufa nyufa kama tope la bwawa lililokauka, acha hapohapo.

Halafu namba za mzigo. Ukikuta 156/150L maana yake inabeba kilo 4000 ikifungwa peke yake, kilo 3350 ikifungwa pea, yaani mbili pamoja upande mmoja wa ekseli, na L ni spidi ya mwisho, kilomita 120 kwa saa. Sasa piga hesabu, mizani inakuruhusu tani 24 kwenye ekseli tatu za pea, gawa kwa 12 unapata tani 2 kila tairi, utasema mbona zinabeba kirahisi tu, sasa vile vipande vya mpira vimelala njia nzima vinatoka wapi? Vinatoka kwenye pea. Moja ikiisha upepo mwenzake anabeba tani 4 peke yake, na hapo ndo mwisho wa uwezo wake hata angekuwa mpya, bado hujaweka lami ya moto, mashimo na mzigo uliozidishwa.

Mi yalinikuta mwezi wa 11 kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Tairi ya ndani ekseli ya kati ilikuwa inavuja taratibu toka Chalinze, na utingo kila tukisimama anaigonga kwa nondo asikie kama ina upepo, inalia vizuri tu. Mkuu nondo inakwambia tairi imelala kabisa, haiwezi kukwambia ina upepo wa PSI 70 badala ya 120. Nikasikia harufu ya mpira unaungua, kuangalia kioo naona moshi, nikaweka pembeni. Ile ya ndani ubavu ulikuwa umelegea kama ngozi mbichi, na hatujaweka hata jeki ile ya nje ikapasuka, ikachana madigadi na mpira wa upepo wa breki, tela ikajifunga palepale. Utingo alikuwa upande wa pili anafungua boksi la vifaa. Sekunde chache kabla alikuwa ameinama palepale anachungulia, mpaka leo nikilikumbuka nanyamaza.

Kufika kwa fundi pancha anataka kuijaza ile ya ndani, nikakataa. Tairi ya waya ikitembea haina upepo, waya za ubavuni zinakatika humohumo na kwa nje huoni kitu, ukijaza unasikia inaalika ta ta ta kama bisi halafu ubavu unafunguka kama zipu, na huo upepo unaua mtu. Ukisikia huo mlio kimbia, usiende kuchomoa mpira wa kujazia. Fundi mwenye kizimba cha chuma cha kuwekea tairi wakati wa kujaza na mpira mrefu wa upepo mlipe hata akizidisha bei, na usisimame ukitazamana na ubavu.

Sasa hizo 12 zako zimetoka kwenye magari mangapi? Ukifunga pea moja imeisha nyingine nene, ile nene mduara wake ni mkubwa zaidi kwa hiyo ndo inabeba, mwenzake anaburuzwa tu, zote mbili zinakufa mapema. Ukikuta zimeandikwa FRT (Free Rolling Tyre) ni za tela tu, zisipelekwe mbele kwenye usukani hata kwa siku moja.

Mi ningekuwa wewe ningeacha mtumba. Hela ikibana bora zilizovalishwa kashata upya na kiwanda cha maana, magamba yake (ule mwili wa tairi unaobaki chini ya kashata) unayajua umri, kuliko mtumba usiojua umeshatembea bila upepo mara ngapi. Nunua na geji yako mwenyewe, pima asubuhi kabla gari haijatembea, na za ndani uwekee valvu ndefu ili utingo asipate sababu ya kuziruka. Zikiwa za moto usipunguze upepo, watu wengi wanakosea hapo, zikipoa zinakuwa chini. Na ukirudi na shaba kutoka Congo, mlima wa Kitonga ushuke kwa gia, maana joto la breki linahamia kwenye rimu na rimu inaipika tairi, inaweza kupasuka umeshafika chini na umeshasahau mlima.

Tupia hapa picha za zile tarakimu nne za zote 12 pamoja na namba za mzigo, jioni nikishapaki nazipitia moja moja.