Anza na Shimizi: Kumvisha Mwanasesere Mavazi ya Renesansi

Wengi wanaoanza kumvisha mwanasesere mavazi ya Renesansi, yaani ya Ulaya ya karne ya 15 na ya 16, hukimbilia gauni la juu, kwa kuwa ndilo linalong'aa. Ushauri wangu ni kuliacha gauni mpaka mwisho. Umbo la mavazi yale lilitoka ndani, na watu wa zama zile walilijua hilo. Mwaka 1515 mfalme Francis I wa Ufaransa alitaka kuona mitindo ya Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua, Italia. Federico, mtoto wa Isabella, akamwandikia mama yake atume mwanasesere aliyevishwa kama yeye: shimizi, mikono ya nguo, nguo za ndani na za nje, mapambo ya kichwa na mtindo wa nywele. Mfalme hakuomba gauni peke yake.

Chagua picha moja ubaki nayo. Ukichanganya kola ya Uingereza ya 1590 na mikono ya Florence ya 1480, mwanasesere wako atakuwa hana kwao. Mimi naipenda mno picha ya Eleonora di Toledo, mke wa mtawala wa Florence, iliyochorwa na Bronzino takriban mwaka 1545, ambayo ipo kwenye makumbusho ya Uffizi, Florence. Nguo alizozikwa nazo mwaka 1562 nazo zimehifadhiwa mjini humo, kwenye kasri la Palazzo Pitti. Gauni la kaburini silo lile la kwenye picha, ingawa watu waliamini hivyo kwa muda mrefu, lakini linatufundisha vazi lilivyoundwa: chini yake alivaa kizibao cha mahameli kilichobana kifua, na soksi za hariri zilizofumwa.

Mwanasesere wa sentimita 28 hivi ni kama moja ya sita ya mtu mzima. Ua la sentimita 30 kwenye gauni halisi lazima liwe la sentimita 5 kwake. Tatizo kubwa ni kwamba unaweza kulipunguza ua, lakini unene wa kitambaa haupungui. Mahameli ya mapazia yatamnenepesha hata ushone vizuri namna gani. Kwa hiyo mimi hutafuta vitambaa kwenye mitumba. Tai za kiume za hariri ni hazina: hariri yake ni nzuri na maua yake ni madogo. Fumua mshono wa nyuma, toa kitambaa kigumu cha ndani, fua taratibu, piga pasi. Kwa nyuzi za dhahabu, tembelea maduka ya sari uulize mapindo ya zari.

Shimizi ishone kwa pamba nyepesi kabisa. Kusanya marinda shingoni kwa safu mbili za bandi, kisha uvute nyuzi zote mbili kwa pamoja. Kifuani gauni la Eleonora limenyooka kabisa, kwa hiyo tia kitambaa kigumu kati ya gauni na bitana. Mgongoni au ubavuni funga kwa kamba inayopita kwenye vishimo. Zipu hapana, hata kama hakuna atakayemgeuza.

Mikono ndiyo inayochukua muda. Imechanwa, na shimizi nyeupe inachomoza kwenye nafasi zile. Mkono mzima wa shimizi chini yake hufanya mkono wa mwanasesere uvimbe, kwa hiyo mimi hushona vipande vya pamba nyuma ya kila mpasuo tu. Kabla ya kupasua, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwenye mstari, iache ikauke, ndipo ukate, nyuzi hazitafumuka. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha akiba, maana hariri nyingine huacha doa. Michirizi myeusi ya gauni sitarizi moja kwa moja. Nalaza uzi mweusi juu ya kitambaa na kuushikiza kwa uzi mwembamba zaidi.

Sketi ikitanuka na kukataa kuanguka, panga mikunjo kwa pini mwanasesere akiwa amesimama, ipitishie mvuke wa birika kwa mbali, uiache usiku kucha.

Eleonora akikuzidi, anza na Giovanna Tornabuoni aliyechorwa na Ghirlandaio takriban mwaka 1488, picha iliyopo Madrid. Amesimama ubavu, lulu ni chache, na shimizi inachomoza mahali panapoonekana wazi, kwa hiyo utajua hasa pa kukata.