Herufi 9H: Ndege za Wageni Zinafuata Nini Malta?

SWALI: Uwanjani kwetu hutua jeti za kukodi zenye herufi 9H, za Malta, lakini wenyewe si Wamalta. Siri yake ni kodi nafuu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kodi imo, ila haiji ya kwanza. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na haiwezi kusajiliwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Anayechagua daftari la usajili anachagua pia mkaguzi wa ndege yake na sheria ya rehani itakayoifunga. Malta, ambayo visiwa vyake vyote (kilomita za mraba 316) havifiki robo ya Unguja, ilitunga Sheria ya Usajili wa Ndege mwaka 2010 ikijua hilo vizuri.

Jeti nyingi hununuliwa kwa mkopo, na benki ina kauli kubwa kuhusu mahali pa kuisajili. Malta inaipa benki inachotaka. Rehani iliyoandikishwa huko ina nguvu ya hukumu: mkopaji akikwama, benki haianzi upya kuthibitisha deni mahakamani. Tena Malta ni mwanachama wa Mkataba wa Cape Town wa 2001, unaolinda wanaokopesha kwa dhamana ya ndege, kwa hiyo mkopaji anaweza kusaini idhini isiyotenguliwa inayomruhusu mkopeshaji kuomba mwenyewe ndege ifutwe daftarini na kutolewa nchini. Hapo ndipo riba inaposhuka, na kwa maoni yetu hicho ndicho kivutio chenyewe.

Hata hivyo rehani haitangulii kila deni. Gharama za mahakama, ada za mamlaka, mishahara ya wahudumu na marubani, na deni la fundi anayeishikilia ndege karakanani hulipwa kabla yake. Ndiyo maana mkopeshaji makini hudai risiti za matengenezo.

SWALI: Huo Mkataba wa Cape Town unatuhusu sisi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndiyo, Kenya na Tanzania zimo. Lakini angalia ukubwa wa ndege: lazima iwe ya aina iliyoidhinishwa kubeba watu 8 au zaidi, rubani akiwemo, au mzigo unaozidi kilo 2,750. Kwa helikopta ni watu 5. Cessna Caravan inaingia. Cessna 172 ya viti 4 haiingii, na mkopo wake unalindwa na sheria ya ndani tu.

SWALI: Nina mteja asiyeishi Ulaya anayetaka kuhamishia jeti yake binafsi Malta. Aanze na nini? – Msomaji, Dubai

JIBU: Aanze na forodha, kabla hata ya kugusa fomu ya usajili. Ndege binafsi iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, ya mtu anayeishi nje, huruhusiwa kutumika ndani ya Umoja hadi miezi 6 bila kulipiwa ushuru wala VAT. Ikishapata 9H, kwa kawaida nafuu hiyo inapotea, kwa sababu sharti lake ni kusajiliwa nje, na Malta imo ndani ya Umoja. VAT ya Malta ni asilimia 18, na kwa bei ya jeti hizo ni fedha nyingi mno kuja kuzigundua baadaye.

Kisha athibitishe kwamba aina ya ndege inatambuliwa na EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Kinachochelewesha mara nyingi ni marekebisho: viti vipya au mtambo wa intaneti uliofungwa kwa kibali cha Marekani pekee huhitaji kibali cha EASA pia, na bila karatasi hizo cheti cha kufaa kuruka hakitoki. Mmiliki wa kigeni atahitaji pia wakala anayeishi Malta, na nchi ya zamani itoe hati ya kuifuta ndege daftarini mwake.

Herufi zikishapakwa rangi, kazi bado. Namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada) na ile ya kifaa cha dharura kinachotuma ishara ndege ikianguka zibadilishwe zote mbili. Ya pili husahauliwa: ndege ikianguka, setilaiti hupokea namba ya usajili wa zamani, na waokoaji hupoteza muda wakiulizia kwa nchi isiyo yake.