Nani Kalishwa Sumu? Maswali Yenu Kuhusu Alama za Vijisanamu

Tangu niseme kwamba tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu ambapo kila mhusika ana kijisanamu chake, hapa Lamu kila Alhamisi usiku, wengi mmeniuliza jambo moja kwa njia tofauti: vita vikichacha mezani, mnakumbukaje nani kapofuka, nani kaingiwa na hofu, nani kafungwa? Haya hapa machache niliyoyachagua.

Asalamu alaykum. Zile pete za plastiki mnazovisha vijisanamu mnanunua wapi? (Msomaji wa Langoni)

Waalaykum salaam. Hatununui. Ukifungua soda ya chupa ya plastiki, kifuniko hutoka na pete nyembamba hubaki shingoni mwa chupa. Ivute polepole kwa koleo ndogo itoke nzima. Inaenea vizuri kuzunguka kitako cha kijisanamu cha kawaida, ambacho ni milimita 25, na haikizuii kusimama ndani ya mraba wake mezani. Vifuniko vina rangi nyingi, basi kila hali ipe yake: kijani sumu, buluu hofu, nyeupe kufungwa. Kanuni za mchezo za 2014 zinataja hali 15, lakini usihangaike kutafuta rangi 15. Sisi hatuvuki tano kwa usiku mmoja.

Sisi huweka kete za bao kando ya kijisanamu. Hazitoshi? (Mkomani)

Hazitoshi, ndugu yangu. Kijisanamu kikisogea, komwe inabaki pale pale. Zamu mbili baadaye ziko tatu katikati ya meza na kila mtu anamsingizia mwenziwe. Vikaratasi ndiyo usiseme: sisi huchezea juu ya dari, na kusi ikianza kuvuma vyote huishia uchochoroni. Alama lazima isafiri na mwenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu. Aliyelishwa sumu, akishambulia, hutupa dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo ndogo. Usiku mmoja nikiwa mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayewachezesha maadui, nilisahau kwamba jitu langu lilikuwa limelishwa sumu. Zamu tatu mfululizo nilitupa dadu moja moja, na mhusika ambaye kijana wetu mmoja alimlea mwaka mzima akauawa. Kijana hakulalamika, alikusanya dadu zake akaenda zake. Nilipolitambua kosa asubuhi, nilimfuata kwao nikamwomba radhi, na Alhamisi iliyofuata tukavirudia vita vile tangu mwanzo, jitu likiwa na pete ya kijani kitakoni.

Mchawi wetu akipigwa, tunasahau kwamba uchawi alioushikilia kwa mawazo yake unaweza kukatika.

Hapa weka alama mbili za jozi: moja kwa mchawi, ya pili kwa yule aliyerogwa. Mimi natumia uzi wa kushonea kofia. Mzee anayeshona barazani kwetu hunipa mabaki. Kipande kimoja cha uzi wa rangi ya dhahabu nakifunga mkononi mwa mchawi, cha pili kiunoni mwa adui. Mchawi akiumizwa, macho yanauona uzi kabla akili haijakumbuka. Atupe dadu afikie 10, au nusu ya madhara aliyopata ikiwa hiyo ndiyo kubwa. Akishindwa, nyuzi zote mbili zivuliwe papo hapo. Uzi unafaa pia kwa mazimwi yenye kitako cha milimita 50, maana pete ya soda haiwaenei.

Nani avue pete, na lini?

Mwenye kijisanamu, si mwendesha mchezo, ambaye ana mengi kichwani. Kabla ya kusema "nimemaliza", aiguse pete yake. Mara nyingi mwisho wa zamu ndipo mtu hutupa dadu kujinasua, kwa hiyo mkono ukizoea kugusa, dadu haisahauliki. Mnaocheza Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ya toleo la 2019, hofu ina tarakimu na hupungua moja kila zamu yako inapoisha. Hofu ya 3, vaa pete tatu, vua moja moja.

Mwanangu hatofautishi nyekundu na kijani. Tufanyeje? (Mama, Shela)

Bi, asante kwa kuuliza, maana niliwahi kuliacha jambo hili bila kulifikiria. Chukua kisu, kata mapengo madogo ukingoni mwa pete: moja kwa sumu, mawili kwa hofu, matatu kwa kufungwa. Aisome kwa kidole. Sisi tumezikata zote hivyo, na umeme ukikatika tukawasha kandili, sote tunasoma kama yeye.

Na aliyeangushwa chini?

Mlaze tu, pete ya nini? Ila kama mkuki wake ni mwembamba na rangi bado mbichi, mwache wima na umfunge uzi. Kusimama kutamla nusu ya mwendo wake: mwenye mwendo wa miraba 6 atabaki na 3.