Mtoano wa Ukumbini Kabla ya Ligi: Je, Bingwa Wake Ndiye Bingwa wa Msimu?

SUALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Barazani kwetu tumebishana mpaka adhana ya isha. Mwenzetu anasema kuwa klabu za soka za daraja la juu za Marekani ziliwahi kucheza mtoano ndani ya ukumbi kabla ya ligi kuanza, nami nikakataa. Je, ni kweli? Na aliyeshinda ukumbini ndiye aliyetwaa ligi? Tunataka kuandaa mashindano kama hayo. — Kocha wa vijana, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu kocha. Mwenzako amesema kweli. Ligi ya NASL, iliyozikusanya klabu kubwa za Marekani na Canada kuanzia 1968 hadi 1984, iliandaa mtoano wa klabu 4 mjini St. Louis mwezi Machi 1971, na Dallas Tornado wakashinda. Mashindano yalirudi 1975 yakiwa makubwa zaidi, kwani klabu 16 zilianzia katika makundi 4, na katika fainali San Jose Earthquakes waliwafunga Tampa Bay Rowdies mabao 8–5. Mwaka uliofuata Tampa Bay nao wakalitwaa taji kwa kuwafunga Rochester Lancers 6–4.

Wingi wa mabao hayo usikushangaze. Mchezo huo uliingizwa katika kumbi za mpira wa magongo wa barafuni, ambazo uwanja wake umezungushiwa mbao, na kila timu ilikuwa na wachezaji 6, kipa akiwa miongoni mwao. Mpira uliogonga mbao ulirudi mchezoni, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kuvuta pumzi, na mchezaji aliyejua kuupiga ukutani na kuupokea mwenyewe alimpita beki bila ya kumhitaji mwenzake.

Ama kuhusu ubingwa wa ligi, hapo ndipo palipo na mafunzo. Dallas walishinda ukumbini 1971 na mwaka huohuo wakawa mabingwa wa ligi. Lakini mwaka 1975 Tampa Bay, klabu iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza, ilishindwa ukumbini mwezi Machi, kisha mwezi Agosti ikatwaa ubingwa kwa kuwafunga Portland Timbers 2–0, tena mjini San Jose, nyumbani kwa wale waliowafunga ukumbini. Hata kwetu tumeyaona: Simba walitwaa Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungulia msimu wa Tanzania Bara, mjini Tanga mwaka 2023 kwa kuwashinda Yanga kwa mikwaju ya penalti, lakini ubingwa wa Ligi Kuu ya msimu wa 2023/24 ukaenda kwa Yanga. Kwa maoni yangu, mtoano wa maandalizi humwonesha kocha nani yuko tayari kwa siku ile, wala haumwoneshi nani atadumu miezi mingi.

Katika mpango wenu, naomba sana msiige mtoano mtupu, kwa sababu timu itakayotoka mapema itakuwa imesafiri kwa mechi moja tu. Ngao ya mwaka 2023 iliziita klabu 4, na walioshindwa nusu fainali wakacheza kutafuta mshindi wa tatu, hivyo kila klabu ilipata mechi mbili. Sakafu ya ukumbi nayo ni ngumu kwa magoti na vifundo vya miguu, basi wapumzisheni vijana siku moja baina ya mechi hizo, na msiwaruhusu kuvaa viatu vyenye meno.