Familia ya Kikongo na neno "wetu kwanza"

Dada yangu, umeuliza ufanye nini na ile familia ya Kikongo iliyohamia plotini kwenu Kayole, Nairobi, ilhali wazee wa kanisa wanasema "tulishe wetu kwanza".

Waulize kwa heshima: Yusufu na Mariamu walipomkimbiza mtoto usiku kwenda Misri, kule walikuwa "wetu" wa nani? Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama mzalia, na sababu iko papo hapo: Israeli nao walikuwa wageni.

Tafadhali msiwasimamishe madhabahuni wapokee unga huku mkiwapiga picha. Niliwahi kumwona mama akijifunika uso kwa kitenge chake, na bado inaniuma. Wewe nenda kwa mama wa familia hiyo, kaa, ule sombe aliyoipika, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kiswahili chake kitakuchanganya kidogo; mtaelewana tu.

Halafu uliza kuhusu makaratasi. Kama hajasajiliwa, msindikize kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kupanga foleni peke yako na mtoto mgongoni ni mateso. Beba chai kwenye chupa, na vikombe viwili.