Jibu: Baba Mwigbo, mama Mwingereza, nianzie wapi na lino?

Dada, umeuliza uchape vipi habari za ukoo wa baba kwa lino (bamba laini linalochongwa, likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi) bila kuonekana mgeni, ukasema pia unajiona "nusu". Mimi ningeanza na uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo waliichora mwilini na ukutani. Msanii wa Nigeria Uche Okeke alijifunza uli kwa mama yake, akaipeleka Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, miaka ya 1970. Tazama nafasi ambazo wachoraji wa uli huacha wazi. Usiijaze lino yako. Ukichonga mistari tu, itatoka myeupe. Ukiitaka myeusi kama ya mwilini, ondoa sehemu yote inayoizunguka, na hapo vidole vitakoma! Jina la ukoo lichonge kinyumenyume, ili lisomeke sawa likichapwa.

Hilo la kujiona "nusu", mtazame mchoraji Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, anayeishi Los Angeles, Marekani. Anahamishia picha za familia na za magazeti ya Nigeria ndani ya sebule anazochora, nchi mbili kwenye karatasi moja. Jaribu nyumbani: chukua fotokopi ya tona, yaani wino wa unga (printa ya wino wa maji haifai), ilaze kifudifudi juu ya karatasi yako, pangusa asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha) nyuma, sugua kwa kijiko. Fungua madirisha, harufu yake si mchezo.