Mafunzo kwa vitendo shule ya msingi ng'ambo: majibu kwa wasomaji wa Iringa, Mbeya na Njombe

Maswali haya yametoka kwa wanachuo, wazazi na walimu wa Nyanda za Juu Kusini. Mengi yanaulizia Ujerumani, na si ajabu: tangu wamisionari Wamoraviani kutoka Ujerumani walipofika Rungwe mwaka 1891, makanisa na shule za huku zimekuwa na undugu na za kule. Kwa hiyo majibu yetu yameegemea Ujerumani, na Finland pale inapobidi.

Nasomea ualimu mwaka wa pili, Iringa mjini. Nataka TP (mazoezi ya kufundisha) ya Julai na Agosti nikaifanyie shule ya msingi Ujerumani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kalenda, kabla ya pasipoti na kabla ya nauli. Miezi hiyo ambayo vyuo vyetu vinawatoa wanachuo kwenda kufundisha ndiyo miezi ambayo shule za Ulaya zimefungwa. Ujerumani likizo ya kiangazi ni ya wiki sita hivi, na kila jimbo lina tarehe zake kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Septemba. Majimbo ya kusini, Bayern na Baden-Württemberg, hufunga mwisho na kufungua mwisho. Uingereza hufunga mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Finland hufunga mapema, mwanzoni mwa Juni, ikafungua karibu wiki ya pili ya Agosti. Ukiwa na nafasi ya Agosti hadi Septemba, Finland inawezekana. Ukiwa na Julai peke yake, utakuta milango imefungwa na mlinzi wa jengo tu.

Jambo la pili ni chuo chako. Vyuo vikuu vyetu vingi vinamwandaa mwalimu wa sekondari, na mazoezi ya kufundisha shule ya msingi huenda yasihesabiwe hata kama umefundisha vizuri kuliko wenzako wote. Tena huku msimamizi hupanda gari akaja kukukagua darasani. Kule nani atakukagua? Nenda kwa mratibu wa mazoezi ya kufundisha na uombe majibu ya maandishi kwa mambo matatu: kama ngazi ya msingi inakubalika, kama mwalimu mwenyeji anaruhusiwa kujaza fomu za tathmini, na fomu hizo zijazwe kwa lugha gani. Ahadi ya mdomo kwenye korido haitoshi, kwa sababu mratibu akibadilishwa, ahadi nayo inaondoka. Chuo kikikataa, bado unaweza kwenda kwa nafasi yako baada ya kumaliza TP ya hapa, ila ujue mapema kwamba unakwenda kuongeza ujuzi na si kupata alama.

Hapo ndipo uiandikie shule. Barua ya kukupokea iwe na jina na anwani ya shule, tarehe ya kuanza na kumaliza, madarasa utakayokaa, saa kwa wiki, jina la mwalimu atakayekusimamia, na ni nani anayelipia malazi. Barua inayosema tu "tunamkaribisha" haisaidii ubalozini wala chuoni. Anza yote haya mwaka mzima kabla ya safari. Miezi sita ni michache.

Kuna wakala Mbeya anataka milioni mbili anitafutie shule. Nimlipe?

Usimlipe. Shule ya msingi ya serikali ya Ujerumani au Finland haimtozi mwanachuo ada ya kuja kujifunza kazi. Njia za kweli ni chache. Ya kwanza ni makubaliano kati ya chuo chako na chuo cha kule, kwa mfano kupitia mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Hapo huombi mwenyewe. Chuo chako ndicho kinachokuteua. Mafunzo kwa vitendo chini ya mpango huo huanzia miezi miwili, na mteuliwa hupata msaada wa nauli na posho ya kila mwezi. Ya pili ni urafiki uliopo tayari: dayosisi, jimbo la kanisa, au shule mbili zenye undugu. Ya tatu ni kuiandikia shule moja kwa moja, na hii inafaa zaidi kama una mtu wa kukupokea nyumbani kwake.

Kama wakala amekuonyesha barua, tafuta tovuti ya shule hiyo mwenyewe, chukua namba iliyopo pale, usichukue iliyo kwenye barua, kisha piga ofisini kwao asubuhi na uulize kama wanakufahamu.

Pasipoti, viza, fedha: naomba mpangilio, maana kila mtu ananiambia lake.

Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, inadumu miaka kumi, na maombi huanzia kwenye mtandao wa Uhamiaji, kisha unakwenda ofisi ya mkoa kuchukuliwa picha na alama za vidole. Utahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kinachowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha kidato cha nne kina matatu, NIDA imeandika herufi tofauti. Weka hati zote mezani leo, zisome herufi kwa herufi, na palipo na tofauti nenda kwa wakili au mahakamani upate hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla hujaomba chochote. Ukishakata tiketi ndipo ugundue, umechelewa.

Mafunzo yasiyozidi siku 90 huingia kwenye viza ya Schengen, yaani viza ya muda mfupi inayotumika nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu na iwe halali nchi zote za Schengen kwa siku zote za ukaaji. Kwenye sababu ya safari andika mafunzo kwa vitendo, na barua ya shule iseme hivyo hivyo. Kuna wanaoandika utalii wakidhani ni rahisi. Ofisa wa mpakani akikuta barua ya shule kwenye begi, safari inaweza kuishia hapo uwanja wa ndege.

Zaidi ya siku 90 ni viza ya taifa, euro 75 kwa Ujerumani, na ushahidi wa fedha unakuwa mzito zaidi. Kwa mwanafunzi kipimo chao ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, mara nyingi zikiwa kwenye akaunti maalumu ambayo unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi tu. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, haliwezi kubeba hilo, tusidanganyane. Ndiyo maana mwenyeji ana thamani kubwa: anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati rasmi ya kudhamini gharama zako zote. Barua yake ya kawaida ya mkono haichukui nafasi ya hati hiyo. Na kama taarifa ya benki ni yako, usiazime fedha za kuingiza wiki moja kabla. Wanaangalia mwenendo wa miezi kadhaa, na fedha iliyoingia ghafla huzua maswali.

Ubalozi uko Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa hiyo panga miadi ya viza, bima na cheti cha polisi ndani ya safari moja.

Shule ya Ujerumani inaniuliza kuhusu surua. Mimi si mgonjwa. Kwa nini?

Kwa sababu ni sheria. Tangu tarehe 1 Machi 2020, kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1970 na anayefanya kazi shuleni, hata mwanachuo wa mafunzo, lazima aonyeshe kwamba amechanjwa surua mara mbili au ana kinga. Mkuu wa shule haruhusiwi kukuingiza darasani bila ushahidi.

Hapa ndipo wanachuo wetu wanakwama. Dozi ya pili ya surua iliingia kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki Tanzania mwaka 2014. Mliozaliwa kabla ya hapo mlipata moja mkiwa na miezi tisa. Huenda ulipata nyingine kwenye kampeni ya surua na rubella ya mwaka huohuo, iliyochanja watoto walio chini ya miaka 15, lakini kama haikuandikwa popote, kwao ni kama haikuwepo.

Mwombe mama atafute kadi ya kliniki. Ikionyesha dozi moja, unahitaji moja zaidi; kama kadi imepotea, unahitaji mbili, zikipishana wiki nne au zaidi. Njia nyingine ni kipimo cha damu kinachoonyesha kingamwili za surua, na cheti cha daktari. Kliniki ya watoto huenda isikuchanje kwa umri wako, hivyo ulizia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au kliniki ya wasafiri Dar. Cheti kiandikwe kwa Kiingereza, kiwe na tarehe, jina la chanjo, sahihi na mhuri. Lifanye hili miezi mitatu kabla, maana wiki nne za kusubiri huwezi kuzifupisha.

Wanataka pia cheti cha polisi. Ni lazima?

Ndiyo, na ni jambo jema. Ujerumani na Finland mtu anayekaa na watoto huchunguzwa rekodi yake ya jinai. Cheti cha Polisi Tanzania hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Usikichukue mapema mno, kwa sababu shule nyingi zinataka cha miezi ya karibuni.

Mtoto akikorofisha darasani nitafanya nini, maana nimesikia huwezi hata kumgusa?

Swali hili ndilo tulilotaka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na hati zote na akarudishwa kwa dakika moja ya hasira.

Huku kwetu kiboko bado kina kanuni zake. Finland kilipigwa marufuku shuleni mwaka 1914, na nyumbani mwaka 1983. Ujerumani, sheria ya mwaka 2000 inampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili, hata na wazazi wake. Na marufuku haihusu fimbo tu. Kumfinya sikio, kumpigisha magoti, kumsimamisha mbele wenzake wamcheke, kumnyima mapumziko ya chakula, kumwita mjinga: vyote hivyo vitaripotiwa, na mafunzo yako yatakoma siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza muulize mwalimu mwenyeji utaratibu wa darasa lake. Wengi wana hatua: kumtazama mtoto, kusogea karibu na meza yake, kumtaja jina kwa sauti ya chini, kumhamisha kiti, kisha kuzungumza naye baada ya kipindi. Wewe ishia kwenye hatua ya kusogea na kutaja jina. Zinazofuata ni za mwalimu. Watoto wakipigana uwanjani, ita mtu mzima mwingine kwa sauti na utenganishe kwa kusimama katikati. Usimvute mtoto kwa mkono.

Usikae na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa. Usimpeleke chooni. Mdogo wa darasa la kwanza akikukumbatia, mpokee kwa upole kisha umwachie, usimpakate. Mtoto akikwambia siri ya kuumizwa nyumbani, usimhoji na usimwahidi kunyamaza. Mpelekee mwalimu mwenyeji taarifa siku hiyo, ukitumia maneno ya mtoto kama alivyoyasema.

Picha ni eneo jingine la hatari. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka idhini ya mzazi. Usimpige mtoto picha kwa simu yako wala usiweke darasa kwenye status ya WhatsApp, hata kama sura hazionekani vizuri. Ukihitaji picha za ripoti, piga za zana na ubao wakati darasa liko tupu.

Sijui Kijerumani. Nitafundisha nini?

Kwa Kiingereza tupu utabaki mgeni wa kukaa nyuma. Shule ya msingi kule, darasa la kwanza hadi la nne katika majimbo mengi, hufundishwa kwa Kijerumani. Lenga kiwango cha B1, yaani cha kati. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Ukiwa na kiwango cha chini, omba upangwe kwenye vipindi vya Kiingereza, ambavyo majimbo mengi huanza darasa la tatu, pamoja na muziki, michezo na sanaa.

Wiki ya kwanza utaangalia tu. Usikae bure: andika muda wa kila hatua ya kipindi na swali ambalo mwalimu aliuliza. Baadaye utapewa kikundi cha watoto wanne au watano, kisha sehemu ya kipindi, kisha kipindi kizima cha dakika 45. Andalio lako la darasa la wanafunzi themanini halitafaa mahali penye ishirini na kitu, ambapo kila mtoto anatarajiwa kuongea na kushika zana. Punguza maelezo ya ubaoni, ongeza kazi ya mikono. Finland, ambako mwalimu wa darasa ana shahada ya uzamili, jiandae kuulizwa sababu ya kila hatua uliyochagua. Wanafunzi wa huko watamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, na wewe vilevile. Si utovu wa adabu.

Shikamooni. Mwanangu anakwenda Januari. Sisi ni watu wa Makete, baridi anaijua. Nimfungashie nini cha kula?

Marahaba, mzazi wetu. Baridi ya Makete itamsaidia, ila kule watoto hutolewa nje wakati wa mapumziko hata kwenye theluji, na yeye atasimama nao. Apate viatu visivyopitisha maji, vyenye nafasi ya soksi mbili, na nguo za kuvaa tabaka juu ya tabaka. Koti moja zito halitoshi.

Chakula: nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa kuingia Umoja wa Ulaya mkononi mwa msafiri, hata nyama ya kukausha. Asali mwisho ni kilo mbili. Samaki wakavu na dagaa wanaruhusiwa. Majani ya chai ya Mufindi au Rungwe na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa ni zawadi nzuri. Mbegu na matunda mengi, parachichi likiwemo, yanadai cheti cha afya ya mimea, aache. Karanga asizipeleke darasani: kuna watoto ambao punje moja inaweza kuwaua kwa mzio.

Mimi ni mwalimu mkuu, Mufindi. Chuo cha Ulaya kinataka kuniletea wanachuo wawili. Nawapokeaje?

Mwalimu, usiwapokee kwa viza ya utalii, hata wakija kwa wiki chache na hata kama hawalipwi. Mwanachuo wa mafunzo au mtu wa kujitolea anahitaji kibali cha Uhamiaji. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wanafunzi na watu wa kujitolea. Kwanza andika kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu msingi, ukiambatanisha barua ya chuo chao na nakala za pasipoti. Omba pia cheti cha polisi cha nchi yao, kama wao wanavyotuomba sisi, na wasaini maelekezo ya picha za watoto kabla hawajaingia darasani. Wapangie mwalimu mmoja wa kuwasimamia na ratiba ya maandishi, wasiachiwe darasa peke yao kwa sababu tu mwalimu wa zamu hayupo.